Nani alaumiwe mtoto anapoua?

Kila mtoto anapokamatwa miongoni mwa magenge ya wahalifu, vidole huanza kunyooshwa. Mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu humlaumu mzazi, nao wote wawili huilaumu serikali. Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Msemo huo ni wa kweli, lakini mara nyingi tunautumia kumtwika mama mzigo wote, tukasahau kuuliza ulimwengu huo unaofunza ni akina nani.

Tuchukue mfano wa Robert Sandifer wa jiji la Chicago, Marekani. Mnamo Agosti 1994, akiwa na umri wa miaka 11 tu, aliwafyatulia risasi vijana mtaani akamuua msichana wa miaka 14. Siku chache baadaye, maiti yake mwenyewe ilipatikana chini ya daraja, akiwa amepigwa risasi kichwani. Waliomuua walikuwa ndugu wawili, wa miaka 14 na 16, wa genge lake mwenyewe, kwa hofu kwamba angetoboa siri akitiwa mbaroni.

Je, alaumiwe mama? Mtoto huyo alikuwa na makovu ya kuchapwa na kuchomwa kwa sigara, hata akaondolewa mikononi mwa mamaye angali mdogo sana. Je, ilaumiwe serikali? Polisi na maafisa wa watoto walimjua vyema, kwani alikuwa amekamatwa mara nyingi, lakini alirudi mitaani vilevile. Je, alaumiwe mtoto mwenyewe? Msichana yule alikuwa na jamaa waliomlilia, na uchungu wao haupungui kwa kuambiwa kwamba muuaji alikuwa mdogo.

Hata hivyo, mtoto hakujiundia bunduki. Magenge yaliwatumia watoto kwa makusudi, yakijua kwamba sheria haiwafungi kama inavyowafunga watu wazima.

Hapa kwetu, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliongeza umri wa kuwajibika kwa makosa ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Wapo wanaohofia kwamba huruma hiyo itayapa nguvu magenge, kama yale ya mapanga yaliyowahangaisha wakazi wa Kisauni, Mombasa. Hofu yao si ya kupuuzwa. Lakini kumfunga mtoto wa miaka 9 hakumfikii aliyemtuma. Huyo atatafuta mtoto mwingine kesho yake. Anayestahili kusakwa kwanza ni mtu mzima aliyemkabidhi panga.

Mwalimu naye ana wajibu wake, kwa kuwa ndiye wa kwanza kuliona dawati lililo tupu. Asingoje mwisho wa muhula ndipo aulize. Mwanafunzi anayejua mwenzake ameanza kuandamana na wahuni amwambie mtu mzima anayemwamini, kwani kunyamaza si urafiki.

Mkono mmoja haulei mwana. Tukumbuke pia kwamba mkono mmoja haumpotezi.