Ng'ombe Anapopotea Kamusini: Kusaka Hitilafu za Skripti Katika Seva ya Mbali

Utangulizi

Tangu Mradi wa Kamusi ulipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, walimu na wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kutafuta maneno kwenye intaneti. Baadhi yetu tumekwenda mbele zaidi, tukaanza kutengeneza orodha zetu wenyewe za msamiati. Kazi hiyo ina shida yake: skripti inayotafuta maneno huishi kwenye seva, nayo seva mara nyingi iko mbali na mwalimu. Je, skripti ikiharibika, mwalimu ataionaje ndani? Katika makala haya tunaeleza njia mojawapo kwa kutumia mfano.

Mfano wenyewe

Tuseme mwalimu yuko kisiwani Chisenga, katika Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge nchini Zambia. Mahali hapo panamfaa mchunguzi wa lugha. Upande wa Zambia husikika Kibemba na lugha jirani zake; ng'ambo ya ziwa, katika miji ya Kilwa na Pweto nchini Kongo, husikika Kiswahili cha Katanga. Mwalimu anakusanya majina ya samaki na ya zana za uvuvi, kisha anayaingiza katika orodha ya idara iliyo kwenye seva Dar es Salaam.

Anatafuta "chisense", yaani wale samaki wadogo wafananao na dagaa. Jibu linakuja. Anatafuta "mtumbwi", linakuja. Anatafuta "ng'ombe", anapata ukurasa mweupe. Anajaribu "ng'ambo", hali ni ileile. Mwanafunzi anayekutana na ukurasa huo atadhani neno halimo kamusini, au kwamba yeye ndiye asiyejua kuliendeleza. Hapo hitilafu ya mashine imegeuka kuwa fundisho potofu la lugha.

Nani humwita nani?

Programu inayosaka hitilafu huisimamisha skripti katikati ya kazi yake, ikatuonyesha kila kisanduku cha kumbukumbu kina nini wakati huo. Kwa skripti za PHP, chombo kinachotumika sana ni Xdebug, kilichotungwa na Derick Rethans na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Kina pande mbili: Xdebug yenyewe hukaa kwenye seva, na programu ya kuhariri, kama vile VS Code au PhpStorm, hukaa kwenye kompyuta ya mwalimu.

Wengi hukwama kwa kudhani kwamba kompyuta ya mwalimu ndiyo inayoita seva. Ukweli ni kinyume chake: skripti inapoanza, seva ndiyo huita kompyuta ya mwalimu kupitia mlango namba 9003. (Kabla ya toleo la 3, lililotoka mwaka 2020, mlango wa kawaida ulikuwa 9000.) Tunasema "mlango" na si "bandari", kwa kuwa mashine moja ni kama nyumba yenye milango mingi iliyopewa namba.

Sasa mwalimu wa Chisenga anapata intaneti kupitia simu yake. Kampuni za simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Wito wa seva hufanana na barua iliyoandikwa sanduku la posta la shule bila jina la mwanafunzi: inafika shuleni, lakini hakuna ajuaye ni ya nani. Dawa yake ni kompyuta ya mwalimu kutangulia kufungua njia kwa SSH, kisha seva ipitishe wito wake humo humo.

Hatua za kufuata

Kwanza, weka Xdebug kwenye seva ya majaribio, kisha andika mistari hii katika faili la php.ini na uwashe PHP upya:

xdebug.mode=debug
xdebug.start_with_request=trigger
xdebug.client_host=127.0.0.1
xdebug.client_port=9003

Mstari wa pili unaiamuru Xdebug ingoje ishara, ili maombi ya watumiaji wengine yasisimamishwe. Wa tatu unaiambia iite hapo hapo kwenye seva, palipo na mdomo wa njia yetu.

Pili, fungua programu ya kuhariri kwenye kompyuta yako na uiweke katika hali ya kusikiliza mlango 9003. Uwe na nakala ileile ya skripti, na uieleze programu ni folda ipi ya kwako inayolingana na ipi ya seva. Ukisahau jambo hili, wito utafika lakini skripti haitasimama pale ulipotaka.

Tatu, fungua njia kwa amri hii, ukiweka jina lako na la seva yako:

ssh -R 9003:localhost:9003 mwalimu@seva

Nne, weka alama ya kusimama kwenye mstari unaouliza hifadhidata, kisha tafuta "ng'ombe" ukiongeza XDEBUG_TRIGGER=1 kwenye anwani ya ukurasa. Ukurasa utangoja, na mstari wako utaonekana umesimama. Yanayosafiri ni maandishi mafupi, si picha za skrini, kwa hiyo hata mtandao wa simu huweza kuyabeba.

Kilichoonekana

Swali lililotungwa na skripti ni hili:

SELECT maana FROM maneno WHERE neno = 'ng'ombe'

Hifadhidata imeona alama ya kufungua, ikasoma "ng", kisha ikaidhania ritifaa kuwa alama ya kufunga. "Ombe" imebaki nje, haina maana. Wapo watakaoshauri tuondoe ritifaa. Sisi walimu wa lugha hatuwezi kukubali, maana "ng'oa" na "ngoa" ni maneno mawili tofauti. Kinachotakiwa ni kutenganisha swali na neno:

$swali = $db->prepare('SELECT maana FROM maneno WHERE neno = ?');
$swali->execute([$neno]);

Kuna mtego wa pili. Baadhi ya simu na programu za uandishi hubadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho yetu ni alama moja, kwa kompyuta ni mbili, na utafutaji utarudi mtupu. Skripti izibadili zote ziwe za aina moja kabla ya kuuliza.

Tahadhari

Usifanye kazi hii kwenye seva inayotumiwa na umma, tumia nakala. Usiufungulie mlango 9003 ulimwengu mzima. Ukimaliza, andika xdebug.mode=off, kwani chombo hiki huipunguzia PHP kasi. Tena ufa ule ule unaomkwamisha ng'ombe ndio anaopitia mhalifu kupenyeza maswali yake katika hifadhidata.

Hitimisho

Orodha nyingi hujaribiwa kwa maneno mepesi kama "kitabu" na "mtoto", zikaonekana nzima. Tunawashauri wenzetu waanze na "ng'ombe", "ng'ambo" na "ng'oa", kwa ritifaa iliyonyooka na iliyopinda. Kibemba nacho kina "ing'ombe", kwa hiyo jaribio hilo litawafaa majirani zetu wa Ziwa Mweru pia.