Hakuna Mdukuzi wa Kurudisha Pesa za M-Pesa

Oktoba, bonasi ya majani chai ikishaingia, swali huwa moja, liulizwe Sigor au Bomet mjini: "Kijana, si wewe ni mdukuzi? Ingia kwa simu ya huyo mwizi unirudishie pesa zangu."

Haiwezekani.

Pesa za M-Pesa hazimo ndani ya simu ya mwizi. Ni tarakimu kwenye mitambo ya Safaricom. Simu hiyo hata ikidukuliwa, salio halisogei bila PIN, na mara nyingi mwizi huwa ameshazitoa kwa ajenti. Lakini Facebook na Telegram hazikosi "wadukuzi" wanaoahidi kuzirudisha, mradi walipwe ada kwanza. Mtu awezaye kubadilisha salio ana shida gani na shilingi elfu tatu za mkulima? Wakilipwa, huja ada ya programu, kisha ya "kufungua akaunti", halafu huomba kitambulisho na PIN. Aliyeibiwa anaibiwa tena, safari hii kwa kujipeleka. Na hata akimpata mdukuzi wa kweli, kifungu cha 14 cha sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta kinasema anayeingia katika mfumo bila idhini atozwe faini isiyozidi shilingi milioni 5, afungwe miaka isiyozidi 3, au vyote viwili. Hakisemi "isipokuwa mwenye simu ni mwizi".

Mdukuzi mwadilifu, tofauti na hao, hagusi kitu kabla mwenye mfumo hajatia saini: mitambo ipi, siku zipi, mbinu zipi marufuku. Akiitwa na Sacco, hukusanya yaliyo wazi mtandaoni, husaka programu zilizopitwa na wakati, hubadilisha namba ya akaunti kwenye anwani ya ukurasa aone kama ataletewa ya mwanachama mwingine. Akipenya huchukua ushahidi, hukomea hapo, huandika ripoti. Udhaifu usiposakwa hivyo, husakwa na mgeni: Januari 2012 mdukuzi wa Indonesia alichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya.

Mdukuzi mwadilifu pia humpigia karani wa Sacco simu, akijifanya fundi wa makao makuu, aombe nenosiri. Ndiyo mbinu ya matapeli wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, ambako idara ya upelelezi, DCI, imekamata watu mara kwa mara. Hawavunji mitambo, wanaomba PIN.

Basi aliyekosea namba alipotuma pesa atume ujumbe wa muamala kwa 456 upesi. Aliyetapeliwa apige 100, meseji ya tapeli aipeleke 333, aende polisi achukue namba ya OB. Asiyeibiwa bado apige *100*100#, laini yake isibadilishwe ila katika duka la Safaricom. Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 tu, na haiulizi PIN.