Jetoni ya barabarani



Kila mtu anayeshuka katika mgodi wa chini ya ardhi anajua desturi hii. Mbele ya kushuka unapokea taa yako, na jetoni yenye namba yako inatundikwa ubaoni. Ukipanda, unaitoa. Kazi ikiisha na jetoni moja imebaki, wakubwa hawaendi kulala. Watu wanashuka kumtafuta mwenzao.

Lakini siku ya mapumziko, mfanyakazi huyohuyo anapanda pikipiki yake peke yake, anaingia porini kilometa nyingi, na hakuna mtu anayejua amepita wapi wala atarudi saa ngapi. Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo. Siku moja bibi yangu alinilazimisha kubadilika, na siku hiyohiyo ndiyo niliyovunjika mguu. Someni habari yangu, halafu mjiulize: jetoni yenu iko wapi?

SAFARI NZURI

Ninakaa Likasi. Siku ya Mungu moja ya mwezi wa saba nilitaka kuona Mwadingusha, karibu kilometa 70 kutoka kwetu. Pale mto Lufira unashuka zaidi ya metre 100, na barage iliyojengwa juu ya maporomoko ilifanya ziwa kubwa la Tshangalele. Tangu 1930 maji hayo yanatoa umeme, na umeme huo ulijengewa viwanda vyetu vya shaba. Miaka mingi nimefanya kazi na umeme wa kule bila kuona maji yake.

Nilijitayarisha vizuri. Jumamosi sikufanya kazi ya usiku, nikalala mapema. Nilitazama mipira ingali baridi, mnyororo, freni mbili, taa ya mbele na ya nyuma. Nilijaza esanse. Nilichukua maji lita 3, pompi, na viraka vya mpira.

Asubuhi bibi yangu akasimama mlangoni.

“Baba, kwenda nenda. Lakini kule mgodini unawaachia jetoni. Na mimi uniachie yangu.”

Akakata ukurasa katika daftari la mtoto. Nilicheka, lakini niliandika: “Ninakwenda Mwadingusha, ninarudi kwa njia ileile. Saa 7 ya mchana ninageuza, popote nitakapokuwa. Saa 11 niko nyumbani. Saa 12 nisipoonekana, mwite shemeki.” Akautundika ukutani kwa msumari.

Niliondoka saa 1 ya asubuhi. Wandugu, mwezi wa saba kwetu ni baridi! Nilikuwa nimetia magazeti kifuani chini ya koti, na bado vidole vilikufa ganzi. Halafu jua likapanda, na barabara ya udongo mwekundu ikafunguka mbele yangu. Miti ya pori pande zote mbili, vichuguu virefu kuliko mtu aliyekaa juu ya pikipiki, mihogo ikikauka kando ya nyumba, watoto wakinipungia mkono. Kila saa moja nilisimama, nikanyoosha miguu, nikanywa maji. Saa 4 na nusu nilikuwa mbele ya ziwa.

Maji yale yanajaza macho. Wavuvi walikuwa wakirudi na mitumbwi yao, ndege weupe wakisimama majini. Nilikula bukari na samaki wabichi waliopikwa palepale. Mzee mmoja alinikaribisha pombe. Nilimshukuru, nikakataa, na hakukasirika.

KOSA LANGU

Mpaka hapo nilifanya sawasawa. Saa 7 ilipofika, wavuvi walikuwa wakieleza habari nzuri, jua lilikuwa la utamu, nami nikasema moyoni: kidogo tu. Hiyo “kidogo tu” ilifika saa 9.

Njiani mpira wa nyuma ukatoboka. Kutoa gurudumu, kutia kiraka na kujaza upepo kulikula karibu saa moja. Kama ningaligeuza saa 7, saa hiyo isingenidhuru. Sasa jua lilikuwa likiingia mbele ya macho yangu, kwa maana anayerudi Likasi kutoka Mwadingusha anaelekea magharibi. Nikaanza kukimbiza, kilometa 60 kwa saa, juu ya mchanga na mawe madogo.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kwa mwendo huo, pikipiki inakwenda karibu metre 17 kwa kila segonde. Mpaka jicho lione, kichwa kiamue na mkono ushike freni, segonde moja imekwisha, na freni bado haijaanza kazi. Na juu ya mchanga, ukikaza freni, gurudumu linateleza.

Kamyo moja likanipita, likaacha wingu la vumbi. Sikupunguza mwendo. Ndani ya vumbi nikaona baiskeli, ile tunayoita kinga, imebeba magunia ya makala, bila taa, na mwenyewe akiisukuma. Nilikata upande. Gurudumu la mbele likaingia katika mchanga mwingi, nikaanguka.

Kofia yangu ilipiga jiwe, ikapasuka. Kichwa changu hakikupasuka. Lakini mguu wa kuume ulikuwa umevunjika chini ya goti. Simu haikuona mtandao hata kidogo.

KIJANA WA MAKALA

Yule kijana hakuumia. Nilidhani atakimbia kwa woga. Badala yake alipiga magoti, akasema: “Yaya, usisimame.”

Kwanza alivunja matawi ya miti, akayapanga barabarani, upande huu na upande ule, ili motokari zituone. Halafu akatafuta fimbo mbili zilizonyooka, akapasua gunia moja, akafunga mguu wangu na fimbo hizo, juu ya mahali palipovunjika na chini yake, bila kukaza mno. Makala yake yakamwagika chini. Akanifunika na gunia lingine kwa sababu ya baridi, akakaa karibu nami. Aliniuliza majina ya watoto wangu, mmoja mmoja, nisilale.

Wakati ule, nyumbani, saa 12 ilikuwa imepiga. Bibi yangu alitoa karatasi ukutani, akamwita shemeki, naye akaomba motokari ya jirani. Hawakuzunguka mjini kuuliza katika mabaa. Hawakukimbilia barabara ya Lubumbashi wala ya Kolwezi. Njia ilikuwa imeandikwa. Saa 2 ya usiku nikaona taa zao.

Nilikaa nyumbani majuma 14. Bibi yangu aliuza mikate mbele ya nyumba, na mtoto mkubwa alikosa viatu vya shule. Hiyo ndiyo bei ya saa 2 kando ya ziwa. Na kama karatasi isingekuwako, bei ingekuwa nyingine.

TUSHIKE SHERIA HIZI

1. Andika njia, saa ya kugeuza na saa ya kufika. Mwachie mtu anayejua atakachofanya ukichelewa.

2. Saa ya kugeuza haibadiliki, hata kama hujafika ulikotaka. Maporomoko hayahami.

3. Usisafiri baada ya kazi ya usiku. Usingizi hauombi ruhusa.

4. Vaa kofia na ufunge kamba yake. Kofia iliyovaliwa vizuri inapunguza hatari ya kufa karibu 40 kwa 100. Ikipata pigo kubwa, usiivae tena, nunua nyingine.

5. Katika vumbi la kamyo, punguza mwendo au simama kando mpaka uone. Giza likikukuta, omba kulala kijijini.

6. Pombe: hata kikombe kimoja, hapana.

Ukimkuta mwenzako ameanguka: weka alama barabarani kwanza. Tazama kama anapumua. Akipumua vizuri, usimvue kofia wala usimgeuze shingo. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Usimpe chakula wala pombe. Mfunike, na mtu akaite msaada.

Mguu ulipopona, nilirudi njia ile na motokari ya jirani, tukampelekea kijana yule magunia mapya na taa ya baiskeli. Sasa ananiita yaya kweli, na mimi ninamwita mdogo wangu.

Pikipiki bado ninaipanda. Lakini msumari uko palepale ukutani. Nikiondoka, mtoto wangu wa tatu anasoma karatasi kwa sauti, anaitundika. Nikirudi, anaitoa yeye mwenyewe, mbele ya sisi kukaa mezani.