Gari Likikwama Hedaru: Tuchague Vipi Msaada wa Njiani?

HABARI ya msiba ilitufikia Dar es Salaam baada ya swala ya Isha. Mjomba wetu, kaka wa mama yetu mzazi, alikuwa ametangulia mbele ya haki huko Usangi, na maziko yalipangwa kuwa baada ya Adhuhuri siku ya pili. Saa nne usiku tukawa njiani, watu watano ndani ya gari moja dogo, mama akiwa kiti cha mbele na tasbihi mkononi.

Tulipita Korogwe, Mombo na Mkomazi salama. Tulipokuwa tumeiacha Hedaru nyuma yetu kidogo, alfajiri ikiwa inakaribia, mpira wa rejeta ulipasuka na injini ikachemka. Tuliegesha pembeni, tukaswali Alfajiri juu ya kanga iliyotandikwa mchangani, kisha tukapiga simu. Hatukuwa na hofu kubwa, kwa kuwa bima yetu ilikuja na kitu kinachoitwa msaada wa njiani, saa 24, nchi nzima. Hivyo ndivyo karatasi ilivyosema.

Aliyepokea simu alituuliza Hedaru iko mkoa gani. Tukamweleza kuwa ni wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro. Akasema tusubiri, gari linatafutwa. Tukasubiri. Mabasi madogo matatu ya kwenda Same yalitupita, na kila moja lilipopunguza mwendo tulilipungia lipite, kwa kuwa tuliambiwa msaada uko njiani. Ilipofika saa tano asubuhi ndipo tukajulishwa kwamba mahali tulipo hapamo ndani ya eneo la huduma, na kwamba tukitaka gari la kuvuta litoke Moshi, gharama yote ni yetu.

Mama alipanda basi dogo la nne. Alifika Usangi maziko yakiwa yamekwisha, watu wanakunja mikeka. Hakumlaumu mtu. Alikwenda kaburini, akamwombea nduguye dua, akarudi ndani. Sisi tulivutwa kwa kamba na dereva wa lori lililobeba tangawizi, hadi Makanya, na hakupokea hata senti.

Tunaisimulia safari hii si kwa kulalamika. Qadar ya Allah imepita. Lakini tuliporudi tulijiuliza: tulinunua nini hasa? Na familia nyingine inayopanda Upareni kwa msiba, harusi au Idi, ifanye nini ili isikae kando ya njia ikisubiri ahadi?

Kufunga ngamia kwanza

Wapo wanaosema kuwa mwenye kumtegemea Mwenyezi Mungu hana haja ya mipango hii. Jawabu lake linajulikana kwa kila aliyekaa darsani: Mtume (s.a.w.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Gari ndilo ngamia wetu wa leo, na kamba yake ina nyuzi mbili. Uzi wa kwanza ni matunzo ya chombo chenyewe. Uzi wa pili ni mpango wa msaada endapo chombo kitaharibika.

Uzi wa kwanza ndio wenye uzito zaidi. Hakuna mpango unaoweza kulirudisha tairi lililopasuka katika mwendo kasi. Watu wa Same hawajasahau jioni ya tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, basi kubwa na basi dogo yalipogongana na kuwaka moto. Taarifa ya awali ya Serikali ilitaja vifo 38 na kueleza kuwa tairi la basi kubwa lilikuwa limepasuka. Waliokuwa katika basi dogo walikuwa ni watu wa safari kama sisi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mpango wowote, fundi atazame tairi, likiwemo la akiba, breki, mipira ya rejeta na mkanda wa feni. Mpira uliotukwamisha sisi ungeonekana umechoka kama tungemwomba mtu aufungue boneti mchana wake.

Njia yenyewe inadai hivyo. Kutoka Mkomazi hadi Same ni nyika kame upande wa chini ya milima, jua kali na vituo vilivyo mbali mbali. Joto lake huzitesa injini zilizochoka. Kisha ndiyo unaanza kupanda. Kutoka Mwanga kwenda Usangi na Ugweno, au kutoka Same kwenda Mwembe na Mbaga, kona ni kali na miteremko ni mirefu, na anayeteremka kwa kukanyaga breki mfululizo badala ya kutumia gia ndogo huziunguza kabla hajafika chini. Wakati wa masika na vuli udongo huteleza, na milima hii imewahi kuporomoka: wakazi wa Mamba Miamba wanaikumbuka Novemba ya 2009.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tukija kwenye uzi wa pili, mipango ya msaada wa njiani huja kwa sura tatu. Ipo inayoambatana na bima kubwa ya gari. Ipo ya uanachama, ambamo mtu hulipa ada ya mwaka kwa chama cha wenye magari. Jirani zetu wa Kenya wana chama cha aina hiyo tangu 1919. Na upo utaratibu wa kumlipa mwenye gari la kuvuta pale tu unapomhitaji. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, hulinda haki ya unayemdhuru. Usitarajie ikuvute wewe.

Sura yoyote utakayoichagua, uliza haya, na majibu uyaone katika maandishi.

La kwanza, mnafika wapi? Usikubali neno "nchi nzima". Taja majina: Hedaru mnafika? Ndungu na Kihurio, katika barabara inayozunguka nyuma ya milima kupitia Kisiwani? Usangi juu, au mnaishia Mwanga kwenye lami? Asiyejua mahali palipo hawezi kuahidi kufika hapo.

La pili, mnafika kwa saa ngapi, na nani anakuja? Kampuni nyingi hazina gari lao kila wilaya. Huita fundi au winchi ya mtu mwingine. Hilo si aibu, lakini uliza ni nani wanayemtegemea Same na Mwanga. Uliza pia usiku na sikukuu. Ahadi isiyo na saa ni mbaya kuliko kukosa ahadi, kwa sababu humfanya mtu ayaache mabasi yampite. Hilo tumelilipia.

La tatu, mnavuta hadi wapi? Gereji iliyo karibu, au ninayoichagua mimi? Kilomita ngapi ziko ndani ya ada, na kila kilomita ya ziada ni shilingi ngapi? Kutoka Same hadi Moshi ni takribani kilomita mia moja. Mpango wa kilomita ishirini hauwezi kukufikisha.

La nne, ni mambo gani yamo? Pancha, betri iliyokufa, mafuta kuisha, ufunguo kufungiwa ndani, gari kutumbukia mtaroni: kila moja liulizwe peke yake. Spea hulipwa na nani? Ni mara ngapi kwa mwaka?

La tano, watu je? Gari likivutwa, mama na watoto wanaondokaje pale? Mipango mingi hulizungumzia gari na kuwasahau waliomo.

La sita, gari langu linakubalika? Magari yetu mengi yamenunuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na ipo mipango inayokataa gari lililozidi umri fulani. Na huduma inaanza lini baada ya kulipa? Asiyeuliza hugundua siku ya safari kuwa siku za kusubiri hazijaisha.

Ikiwa mpango umo ndani ya bima, hakikisha anayeuza amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na uihakiki bima yako katika mfumo wao kwa namba ya gari.

Baada ya majibu ndipo hesabu ifanywe. Chukua mfano wa kufundishia tu: mpango ni shilingi 120,000 kwa mwaka, na kuvutwa mara moja kutoka Hedaru hadi Same ni shilingi 250,000. Mwenye gari zuri anayepanda Upareni mara moja kwa mwaka anaweza kuona ni bora aiweke ile 120,000 pembeni kila mwaka. Baada ya miaka mitatu ana akiba ya kuvutwa, na asipovutwa fedha ni yake. Lakini mfanyabiashara anayepita njia hii kila wiki, au familia yenye mgonjwa anayepelekwa hospitali mara kwa mara, haiwezi kungoja miaka mitatu.

Na hukumu yake?

Muislamu ana swali moja zaidi: je, mkataba huu unafaa? Ada hulipwa leo, na huduma huenda ikahitajika au isihitajike. Hapo ndipo lilipo suala la gharar, yaani utata katika kinachouzwa.

Baraza la Fiqhi la Kimataifa la nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwezi Desemba 1985, liliamua kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharar kubwa inayouharibu mkataba, na kuwa badala yake halali ni bima ya ushirikiano inayojengwa juu ya kuchangiana. Njia hiyo, takaful, ilikuwa imeanza kufanya kazi Sudan tangu 1979. Kenya ilipata kampuni yake 2011, na Shirika la Bima la Zanzibar nalo limefungua huduma hiyo. Anayeweza kuipata, na ikawa na msaada wa njiani ndani yake, amejiondolea shaka.

Kumlipa mwenye winchi kwa kazi aliyoifanya, kwa bei mliyokubaliana, ni ujira wa kawaida. Ama ada ya mwaka kwa huduma itakayohitajika au isiyohitajika, wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana: wapo wanaoiona ni bima kwa jina jingine, na wapo wanaoiruhusu kwa kuona kuwa kinacholipiwa ni utayari wa watoa huduma, na kwamba gharar iliyobaki ni ndogo. Hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Mchukulie mkataba wako sheikh unayemwamini, ausome. Kadiri ulivyo wazi juu ya mahali, idadi na mipaka, ndivyo utata unavyopungua. Na ndiyo maana maswali sita ya juu yana faida kwa dini pia, si kwa mfuko peke yake.

Ndiva ya safari

Wazee wa Upare hawakulijua neno takaful, lakini jambo lenyewe walilijua. Katika milima hii kulichimbwa ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe na kunywesha mashamba kwa zamu. Hakuna aliyeweza kujaza ndiva peke yake, na hakuna aliyeyadai maji yote. Ikijaa tope, inapigwa mbiu ya msaragambo, na kila nyumba hutoa mtu wa kuisafisha. Njia nyingi za milimani zilichongwa kwa msaragambo huohuo.

Baada ya msiba, nasi ukoo mzima tuliamua kuchimba ndiva ya safari. Nyumba kumi na mbili zenye asili moja, kila moja inatoa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa nia ya tabarrui, yaani mchango usiodaiwa kurudi. Kwa mwaka ni shilingi 1,440,000. Anayekwama analipiwa kuvutwa kutoka katika mfuko, na kikibaki kitu mwisho wa mwaka tunakubaliana wote kiende wapi. Pamoja na fedha tuna kitu ambacho hakuna kampuni iliyotuuzia: orodha ya namba za mafundi na wenye magari ya kuvuta wa Korogwe, Hedaru, Same na Mwanga. Kila mmoja tulimtembelea wenyewe na kukubaliana naye bei mchana, mioyo ikiwa imetulia. Bei ya saa tisa usiku, mama akiwa ndani ya gari, huwa si bei ya mapatano.

Tukikwama

Washa taa za hatari, weka pembetatu mbali nyuma na mbele ya gari. Watoe watu wote garini, wakae mbali na lami, si mbele wala nyuma ya gari. Kukiwa na hatari, polisi wanapatikana kwa 112, zimamoto na uokoaji kwa 114. Mpigie uliyepatana naye na umwulize saa ya kufika. Mpe muda huo na usizidishe. Ukipita, wapakie wanawake, wazee na watoto katika basi la kwanza lenye nafasi, abaki dereva na mwenzake.

Na wale waliokosa pembetatu hukata matawi na kuyatandaza barabarani. Wengi huondoka gari likipona na kuyaacha palepale, na anayekuja usiku huyakwepa ghafla. Kuondoa udhia njiani tumefundishwa kuwa ni katika matawi ya imani. Dereva yule wa lori la tangawizi, kabla ya kutufunga kamba, alirudi nyuma hatua sitini akayaokota matawi yetu yote, moja moja, akayatupa porini. Hatukulijua jina lake. Tunamwombea kila tunapopita Hedaru.

Wabillahi tawfiq.