Kanda za Sugu na mzigo wako wa mali kauli: nani anahesabu?

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongelea kanda. Ndiyo, kanda za redio, zile za kuzungusha kwa kalamu ya biki. Usicheke kwanza. Zina uhusiano na ule mzigo uliomwachia wakala wako wiki iliyopita.

Mwaka 1998 Joseph Mbilinyi, kijana wa Mbeya ambaye wengi tunamwita Sugu, alitoa albamu inaitwa Niite Mr. II. Ndani yake kulikuwa na wimbo Hali Halisi. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, ila kanda yenyewe naijua, kaka yangu aliitunza mpaka utepe ukakatika. Na haikuwa ya kwanza. Alishatoa Ni Mimi mwaka 1995 na Ndani ya Bongo mwaka 1996, halafu 1999 akaleta Nje ya Bongo. Yaani karibu kila mwaka mzigo mpya sokoni, wakati wazee wengi wanaona kuchana ni uhuni, na redio za watu binafsi ndiyo kwanza zinaanza (Radio One ilifunguliwa 1994). Jamaa katoka Nyanda za Juu Kusini, anachana kwa Kiswahili, na kanda zinafika hadi huku kwetu Mara. Huko ndiko kuuza.

Sasa hela ilipitaje?

Enzi zile msanii anarekodi studio, anatoka na kanda mama, wenyewe wanaiita masta. Anaipeleka kwa msambazaji, wengi walikuwa Kariakoo. Msambazaji ndiye mwenye mashine za kudurufu, ndiye anachapa makava, ndiye anasafirisha mikoani. Malipo yalikuwa ya aina mbili. Ama unapewa hela ya mkupuo unaenda zako, ama unalipwa kidogo kidogo kwa kila kanda iliyouzwa. Hii ya pili inaonekana nzuri, sivyo? Shida ni kwamba anayehesabu ni yule yule anayetakiwa kukulipa. Akikwambia zimeuzwa chache utabisha kwa kipi? Hujui amedurufu ngapi, hujui zimeenda mikoa gani, hujui hata mnunuzi mmoja kwa jina. Na hapo bado hatujawagusa wanaonakili mtaani kwa redio ya deki mbili. Sheria ya hakimiliki tunayotumia sasa, iliyoleta COSOTA, ilipitishwa 1999, albamu hiyo ikiwa tayari mitaani.

Ndiyo maana wasanii wengi wa kizazi kile wanasimulia habari moja: nyimbo kila daladala, mfukoni nauli ya kuunga unga. Sugu mwenyewe baadaye alikuwa kati ya waliopiga kelele sana kuhusu haki za wasanii, kabla na baada ya kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010.

Linganisha na jamaa mwingine wa kusini, ila kusini ya Marekani. Percy Miller wa New Orleans, anajiita Master P. Yeye alianza na duka la muziki huko Richmond, California, kwa dola 10,000 zilizotokana na fidia ya kifo cha babu yake. Duka! Alikuwa anaona kwa macho yake watu wanaulizia nini. Kanda zake za mwanzo aliziuza mwenyewe, nyingine kwenye buti la gari. Kampuni kubwa ilipomfuata kwa ajili ya usambazaji, tayari ana wateja, akakubaliana nao wasambaze tu, masta zibaki kwake, na sehemu kubwa ya mauzo iwe yake. Mwaka 1997 albamu yake Ghetto D iliingia namba moja Marekani, na wiki ya kwanza peke yake ziliuzwa zaidi ya nakala 250,000. Sisemi alikuwa na kipaji kuliko Sugu. Kwa masikio yangu, hapana. Na Marekani kuna mifumo ya kuhesabu mauzo dukani ambayo Kariakoo haikuwepo. Lakini masta ilikuwa kwake.

Kwa nini hii inaniuma mimi muuza tisheti wa Kewanja?

Kwa sababu na mimi nilitoa masta yangu. Nilichora mchoro wangu kwenye simu, nikautuma kwa mtu wa kuprinti mjini, faili zima. Akaniprintia tisheti 40. Nikampa wakala mmoja mali kauli, kwa maneno tu, na nikamwambia mzigo unatoka wapi. Akawa ananitumia hela vizuri, tisheti mbili, tatu. Aliponilipa ya 22 akasema biashara imekufa. Siku mgodi umelipa mishahara nikakaa barazani sokoni nikaanza kuhesabu watu waliovaa mchoro wangu. Rangi ya kijani niliiona mara tano. Mimi sijawahi kuprinti kijani.

Nilikuwa nasema ni chuma ulete. Kumbe ni daftari.

Sasa hivi nafanya hivi. Faili kubwa silitumi, naenda nalo mwenyewe kwenye flashi na nakaa pale mpaka kazi iishe. Kila tisheti naandika namba ndani ya kola kwa kalamu ya wino usiofutika. Mali kauli natoa 12 tu kwa wakati, tunaandikishana, na mpya hatoki mpaka za zamani zimelipwa au zimerudi. Kwenye kila mfuko kuna kikaratasi chenye namba yangu ya WhatsApp: mteja akinitumia picha amevaa, safari ijayo namtoa elfu moja. Picha zile naziweka stetasi, na namba yake inabaki kwangu, siyo kwa wakala. Hii ya kikaratasi ndiyo imenisaidia kuliko zote, na gharama yake ni karatasi na mkasi.

Mwezi uliopita wakala wangu wa Mugumu alichukua 12. Ameuza 9, amerudisha 3: namba 31, 34 na 40. Wateja saba kati ya hao tisa wameshanitumia picha.