Ndege wa Tshangalele, jirani tusiyemjua

Siku nilipoaga nyumbani kwamba naenda kuangalia ndege, mama aliuliza: "Za kule Luano?" Hapana mama, zile za kwenye matete.

Nilikuwa naenda Tshangalele, ziwa la mto Lufira. Unashika barabara ya Likasi, kisha unakata kuelekea Kapolowe. Wengi wetu tunajua samaki wake tu. Lakini bonde la Lufira ni hifadhi ya biosfera ya UNESCO tangu 1982. Ziwa lenyewe ni kazi ya mkono wa mtu: maji yalijaa nyuma ya bwawa la Mwadingusha, lililojengwa ili kupata umeme wa migodi.

Sasa njo ajabu yenyewe. Mwaka 1960, mtaalamu J.-C. Ruwet alikamata hapo ndege wa jamii ya mnana, wale wanaosuka viota. Mwaka 1982, Louette na Benson walimtangaza kuwa aina mpya: Ploceus ruweti. Kisha kimya, mpaka Louette na Hasson walipoandika mwaka 2009 kwamba amepatikana tena. Anajulikana katika bonde hili la Lufira tu.

Ukitaka kumtafuta, nenda wakati wa mvua, maana ndipo dume anavaa manjano na uso mweusi. Kiangazi minana wengi wanafanana, utachoka bure. Piga hodi kwanza kwa chifu wa kijiji. Vaa buti, toka mapema kabla jua halijakali, tembea pole pole pembeni ya maji. Sikiliza kwanza, darubini baadaye: kelele za koloni ndizo zitakuonyesha viota.

Mimi nilimwona? Niliona minana wa manjano wenye uso mweusi, ila kuapa kwamba ni yeye, siwezi. Kilichonibakia ni neno la papa mmoja mlobaji aliyenipeleka kwa bwato. Nilimweleza, kwa kiburi cha lisanse yangu, kwamba udongo ule ni mzuri: wafyeke matete, walime mboga. Akacheka.

"Mwana, matete ukiyatosha, samaki atazalia wapi? Na hao ndeke batalala kwako Golf?"

Nilinyamaza. Darasani nilisoma kwamba mimea ya pembeni inashika udongo na kuchuja maji. Na ziwa hili linahitaji mchujo, maana mto Panda unapita Likasi penye migodi kabla ya kufika huku. Nilijua hayo yote, na bado nilishauri kufyeka.

Sisi ba-agronome ndio tunaoulizwa palimwe wapi. Siku hizi nikiulizwa kuhusu ukingo wa maji, nasema: acheni matete yasimame, limeni juu zaidi. Nendeni mkaone wenyewe. Si mbali.