Kuanza Kazi ya Kujitegemea

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jinsi mtu awezavyo kuanza kazi yake mwenyewe katika mji wetu wa Dodoma bila kuajiriwa. Nimekubali kwa moyo, maana nilipomaliza Kidato cha Nne nilikaa nyumbani mwaka mzima nikingoja kuitwa kazini, wala hakuna aliyeniita. Kila jioni baba aliniuliza, "Je, mwanangu, barua imekuja?" Swali hilo likawa zito kwangu kuliko jembe. Leo nashona nguo barazani karibu na Soko la Majengo, na kwa cherehani yangu nawanunulia wadogo zangu wawili sare na madaftari.

Yafaa kwanza tujue kazi ya kujitegemea ni nini. Ni kazi ya mtu auzaye ujuzi wake kwa wateja mbalimbali, kila mteja kwa shughuli yake na kwa bei waliyopatana. Fundi cherehani ni wa namna hiyo, na mpaka rangi, na mpiga picha, na mtengeneza simu, na yule aandikaye matangazo kwa kompyuta. Mtu huyu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Akiugua siku mbili, siku hizo mbili hapati kitu. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kazi hii ni ya wavivu waliokimbia kuamrishwa. Wateja nao huamrisha, tena ni wengi.

Jambo la kwanza ni ujuzi. Kuna vyuo vya ufundi vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo hufundisha na kushauri watu wenye shughuli ndogo. Asiyeweza kwenda chuoni na aende kwa fundi mzoefu. Mimi nilikaa kwa mama mmoja fundi, na miezi mitatu ya kwanza sikugusa mkasi. Nilishona mapindo, nikatia vifungo na kupuliza mkaa wa pasi. Niliona haya, hasa walipopita wenzangu wa darasani. Lakini hapo ndipo nilipojifunza jambo lisiloandikwa kitabuni: jinsi ya kusema na mteja aliyekasirika.

Jambo la pili ni kulijua soko lako. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja tu, kwa kawaida toka Desemba hata Aprili, na mavuno huanza baada ya hapo. Basi mkulima wa Bahi, Chamwino au Kongwa huwa na fedha mkononi baada ya kuuza mtama, alizeti au karanga zake, na ndipo aletapo kitambaa cha harusi. Lakini mwezi wa Februari mkulima huyo huyo yumo shambani, na fedha yake imekwisha. Mwezi wa Januari shule hufunguliwa, na sare hutakiwa zote kwa mara moja. Tena toka mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu, wameongezeka wateja watumishi, nao hufika zaidi mwisho wa mwezi. Fundi aijuaye kalenda hii huweka akiba wakati wa mavuno ili ale wakati wa masika.

Jambo la tatu ni bei, na hapa wengi huanguka. Mwanzoni nilitaza jirani yangu anatoza nini, nami nikapunguza. Sikujua kama napata au napoteza. Tazameni hesabu hii, ambayo ni ya mfano tu. Tuseme mteja ameleta kitambaa chake, na ujira wa kushona shati ni shilingi 8,000. Uzi na vifungo ni 1,200, mkaa 300, na akiba ya kutengeneza cherehani 200. Kodi ya baraza ni 30,000 kwa mwezi wa siku 25 za kazi, yaani 1,200 kwa siku. Na nauli ya kwenda na kurudi ni 1,200. Ukishona mashati mawili kwa siku, kila shati hubeba kodi 600 na nauli 600. Jumla ya gharama ni 2,900 kwa shati, na lako ni 5,100. Kwa siku ni 10,200. Lakini ukipata shati moja tu, hilo peke yake hubeba kodi na nauli zote. Gharama ni 4,100, na lako ni 3,900. Na siku usiyopata hata moja umepoteza 2,400. Basi apangaye bei kwa kufikiri siku njema tu, siku mbaya zitamla.

Jambo la nne ni mapatano. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mtu akaagiza mashati kumi na mawili, akasema vitambaa ninunue mimi, naye atalipa akija kuchukua. Nilifurahi mno, nikatumia akiba yangu yote. Mtu yule hakurudi. Nilimlaumu sana, lakini yule mama fundi aliniuliza, "Alikuachia nini?" Sikuwa na jibu. Toka siku ile hushika mkasi nikiwa nimepokea angalau nusu ya fedha, na huandika vipimo, bei na siku ya kuchukua kwenye karatasi mbili, moja yake na moja yangu. Hata ndugu yangu humwandikia. Kadhalika fundi naye atimize ahadi yake. Ukijua nguo itakwisha Ijumaa, usiseme Jumatano ili kumpendeza mteja. Mafundi tumepata jina baya la "njoo kesho", na jina hilo hufukuza wateja kuliko bei kubwa.

Jambo la tano ni daftari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni mimi huandika kilichoingia na kilichotoka, hata shilingi mia ya sindano. Daftari hilo ni faida hata mbele ya Mamlaka ya Mapato. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayakuzidi shilingi milioni 4 hakutozwa kodi hiyo ya mapato. Aliyeuza kati ya milioni 4 na milioni 7 bila kumbukumbu alitozwa 100,000; lakini mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Kwa hiyo aliyeuza milioni 5 akiwa na daftari alilipa 30,000. Tofauti ya 70,000 ni ujira wa kuandika! Viwango huweza kubadilishwa kila mwaka, basi nendeni mkaulize wenyewe. Namba ya mlipakodi hutolewa bure, na mtu asikubali kuiuziwa njiani.

Wengi huniuliza habari za mtaji. Sheria huzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni msaada mwema, lakini nashauri mtu asikope kabla hajapata wateja. Mimi nilianza kwa cherehani ya kukodi, na ya kwangu nikainunua baada ya miezi kumi na minne. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazazi wetu, msione kwamba mtoto aliyeshika mkasi baada ya kusoma ameipoteza elimu yake. Hesabu nilizofundishwa hapa shuleni ndizo nipangazo bei, na barua nilizofundishwa kuandika ndizo zilizonipatia kazi ya sare za shule moja mwaka jana. Nanyi wadogo zangu, someni kwa bidii, tena likizo ijayo kila mmoja ajifunze kazi moja ya mikono. Barua ya kazi ikija, ni heri. Isipokuja, isiwakute mmekaa bure.

Siku hizi baba haniulizi tena habari za barua. Huniuliza, "Je, mwanangu, suruali yangu iko tayari?" Nami humwambia siku ya kweli.

— Mwanafunzi wa zamani